Mtoto wa mdogo wangu hatulii darasani: je, ni ulanzi uliomharibu?

SWALI: Daktari, shikamoo. Ninaishi Kilolo, mkoani Iringa, nami ninamlea mtoto wa kiume wa miaka 8 aliyezaliwa na mdogo wangu. Mama yake, ambaye kazi yake ni kugema, alikunywa ulanzi, pombe ya utomvu wa mianzi, tangu mwanzo wa mimba hadi karibu na kujifungua, na mara nyingine alivuta bangi. Mtoto si mkaidi, lakini hatulii. Nikimtuma aniletee sufuria, amfunge mbuzi kisha anawe mikono, namkuta baadaye amesimama mlangoni, mbuzi yumo shambani kwa jirani na sufuria hajaigusa. Daftari lake la hesabu lina majibu mawili sahihi, la tatu limeishia katikati, na ukurasa wote uliobaki ni michoro ya magari. Majirani wanasema ameharibikia tumboni. Je, ni kweli, na anaweza kusaidiwa? Mdogo wangu sasa ana mimba nyingine ya miezi 5.
Mama Mkubwa, Kilolo.

JIBU: Marahaba, Mama Mkubwa. Nimelisoma mara kadhaa hilo la sufuria na mbuzi, kwa sababu umelieleza tatizo vizuri kuliko fomu nyingi za hospitali. Mtoto anayesikia maagizo matatu na kubaki mlangoni hajakudharau. Maagizo yamemponyoka kabla hajayafikia.

Katika vitu viwili ulivyovitaja, pombe ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Pombe hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi, na kwa kuwa ini la mtoto aliye tumboni bado ni changa, hawezi kuisafisha kama mama yake anavyoisafisha. Ulanzi ukiwa bado togwa, yaani mbichi na mtamu, una kileo kidogo, lakini ukishakuwa mkangafu, yaani ukichacha na kuwa mkali, ni pombe kamili, na hakuna kipimo cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Mwaka 1973 madaktari wa Seattle, Marekani, waliwaeleza watoto wa mama waliokunywa sana ambao walikuwa na kichwa kidogo, mdomo wa juu mwembamba na ukuaji wa polepole. Baadaye ilifahamika kwamba watoto wengi walioathirika wana sura ya kawaida kabisa, na dalili yao ni hizo unazoziona: umakini unaokatika, kumbukumbu isiyoshika, na haraka ya kutenda kabla ya kufikiri. Kuhusu bangi, utafiti ulioanza Ottawa, Kanada, mwaka 1978 ulionyesha tofauti katika kumbukumbu na umakini kuanzia umri wa miaka 4 hivi, ingawa ni ndogo kuliko zile za pombe.

Hata hivyo, neno la majirani kwamba mtoto "ameharibika" silikubali, na ningependa ulikatae mbele yake. Miaka ya 1980 watoto waliozaliwa na mama wanaotumia kokeini huko Marekani walitangazwa kuwa kizazi kilichopotea. Daktari Hallam Hurt wa Philadelphia aliwafuatilia watoto 224 waliozaliwa kati ya 1989 na 1992, nusu yao wakiwa wa mama waliotumia kokeini na nusu wa mama wasiotumia, wote wakitoka katika familia maskini. Walipofika umri wa miaka 4, wastani wa alama zao za akili ulikuwa 79 kwa kundi la kwanza na 81.9 kwa la pili. Makundi yote mawili yalikuwa chini ya kawaida, na waliofanya vizuri zaidi walikuwa wale waliopata malezi ya karibu nyumbani. Pombe huacha madhara makubwa kuliko hayo, na sitakuficha kwamba hayafutiki, lakini jambo la malezi linabaki vilevile.

Kabla ya kuilaumu mimba, mpeleke apimwe masikio, macho na upungufu wa damu. Katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, zaidi ya nusu ya watoto wa Iringa walio chini ya miaka 5 walikutwa na udumavu, wakati kwa nchi nzima ni takriban asilimia 30, nao udumavu hugusa ubongo pia. Mweleze daktari habari ya pombe bila kuficha, kwa kuwa hakuna kipimo cha damu kinachoweza kuigundua leo. Kisha mwombe mwalimu mkuu akuunganishe na afisa wa elimu maalumu wa halmashauri.

Nyumbani, mpe agizo moja, umshike bega, akutazame, alirudie kwa mdomo wake, na la pili lingoje la kwanza liishe. Saa za kula, kulala na kusoma zisibadilike. Shuleni akae mbele, mbali na dirisha, na apewe hesabu tatu, azionyeshe, ndipo apewe nyingine tatu. Viboko havitamsaidia, kwa sababu kiboko hufundisha anayekumbuka kosa lake.

Kuhusu mdogo wako, miezi 5 si kuchelewa, kwani ubongo wa mtoto hukua hadi siku ya kuzaliwa na baada ya hapo. Kama hunywa kila siku na mikono hutetemeka asubuhi asipokunywa, asiache ghafla akiwa peke yake; aende kituo cha afya aache akiwa chini ya uangalizi. (Kwa msomaji mjamzito anayetumia heroini, tahadhari ni hiyohiyo: matibabu ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, yanayopatikana pia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ni salama kwake na kwa mtoto kuliko kukata ghafla.) Mwende pamoja kliniki, wala usianze kwa kumlaumu kwa huyu wa kwanza, maana mama aliyeaibishwa huficha. Na kazi ya kugema aifanye mtu mwingine hadi ajifungue na amalize kunyonyesha, kwa sababu mgemaji huonja kila mbeta (chombo cha mwanzi cha kukingia ulanzi) anayoiteremsha, asubuhi na jioni.