Maswali ya Wasomaji: Miti ya Asili Katika Machimbo Yaliyoachwa

SWALI: Kikundi chetu cha kujitolea huko Kilifi kimeruhusiwa kupanda miti ya asili katika machimbo ya zamani ya mawe ya chokaa. Je, tuanze na mibambakofi moja kwa moja? – Msomaji, Kilifi

JIBU: Ndugu msomaji, hapana, kwa sababu machimbo yaliyokwanguliwa hadi kwenye mwamba hayana udongo wa kuilea miche hiyo. Jirani yenu wa Bamburi, Mombasa, ni mfano mzuri: mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kujaribu aina mbalimbali za miti katika machimbo ya kiwanda cha saruji, na uliostawi zaidi ni mvinje, ambao vijidudu vya mizizi yake huusaidia kupata naitrojeni kutoka hewani. Hata hivyo, majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo, ambao waliyala na kuyageuza kuwa mboji. Miti ya asili ilifuata baadaye, kivulini.

Mvinje wenyewe ni mgeni, kwa hiyo uchukulieni kama mlezi wa muda na muupunguze miche ya asili inapoimarika. Chimbeni mashimo mapana, myajaze udongo na samadi, mpande mvua za masika zikishashika. Kupanda huvuta umati. Kumwagilia na kuzuia mbuzi wakati wa kiangazi ndiko kunakohitaji zamu iliyoandikwa.