Maswali na Majibu: Mama wa Mbwa Huyo Yuko Wapi?

Mtoto wa mbwa niliyemnunua kando ya barabara Jumamosi anatapika na kuhara damu, ilhali kadi yake inaonyesha chanjo zote, hata ya kichaa cha mbwa. Ana wiki sita. Nimpe dawa gani?

Mpeleke kwa daktari wa mifugo leo hii, kwa sababu dalili hizo ni za parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, na kinachoua upesi ni kuishiwa maji mwilini. Ukirudi, osha sakafu kwa jiki sehemu moja na maji sehemu 30, kwani sabuni ya kawaida haiviui virusi hivyo, navyo hukaa udongoni miezi mingi. Kuhusu kadi, nimeeleza mara nyingi na inanisikitisha kurudia: chanjo ya parvo huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne hadi wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha takriban miezi mitatu. Kadi iliyojaa mihuri ya mtoto wa wiki sita ni ya uongo. Umri huo alipaswa kuwa bado yuko na mama yake.

Japanese Spitz ni bei gani siku hizi?

Safu hii haitaji bei za mbwa.

Nina jike wa German Shepherd. Nikimpandisha kila anapoingia joto, si nitapata karo ya watoto?

Jike huingia joto takriban mara mbili kwa mwaka, hubeba mimba siku 63, kisha hunyonyesha. Unachopanga kinamnyima hata msimu mmoja wa kupumzika. Mwaka jana niliingia banda moja pembezoni mwa jiji, ambalo mwenyewe alilianza hivyo hivyo, kwa jike mmoja na hesabu za karo. Nilikuta majike kumi na mmoja, kila mmoja katika kizimba cha mbao chenye sakafu ya waya. Kucha za yule wa mwisho zilikuwa zimejikunja hadi kuchoma nyayo zake, na matiti yaligusa waya. Nilipomfungulia mlango hakutoka, bali alijibanza kwenye kona akitetemeka, maana mlango ule ulifunguliwa kwa mambo mawili tu, kumpandisha na kumnyang'anya watoto. Karo itafute kwingine, ndugu yangu.

Ni kweli Uingereza imezuia maduka kuuza watoto wa mbwa?

Ni kweli. Sheria ya Lucy ilianza kutumika England tarehe 6 Aprili 2020, na imepewa jina la jike wa aina ya Cavalier King Charles Spaniel aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba la kuzalisha mbwa huko Wales, nyonga zake zikiwa zimekakamaa kwa kufungiwa. Madalali wameondolewa, na mnunuzi lazima amwone mtoto pamoja na mama yake mahali alipozaliwa. Hata hivyo wapo matapeli wanaoazima jike yeyote na kumwita mama, kwa hiyo tazama kama ana maziwa na kama watoto wanamkimbilia. Ufaransa nayo imezuia maduka kuuza mbwa na paka tangu Januari 2024. Hapa Kenya, Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama (Sura ya 360) inaufanya ukatili kwa wanyama kuwa kosa, lakini sisi wanunuzi hatumuulizi dalali wa barabarani mama yuko wapi.

Nimemwona mtoto wa mbwa ndani ya boksi juani, kwenye mataa. Nimnunue ili nimwokoe?

Usimnunue, dada yangu. Niliwahi kufanya hivyo kwa huruma, na wiki iliyofuata palikuwa na wengine watatu katika boksi lile lile, kwa kuwa boksi likiisha, jike fulani hupandishwa tena. Piga picha, andika mahali na saa, kisha uwape taarifa KSPCA, shirika la kulinda wanyama hapa Kenya, ambao pia hutoa mbwa walioachwa kwa wanaotaka kuwalea.

Jike akishachakaa kwa kuzaa hupelekwa wapi?

Wengine huuzwa kwa bei ya kutupa, wengine hutelekezwa usiku mbali na walikozoeleka. Ukimkuta jike mwenye matiti yaliyolegea, anayeogopa nyasi na asiyejua kupanda ngazi, huenda ametoka huko. Mwekee chakula, keti hatua chache kutoka alipo, wala usinyooshe mkono kichwani pake. Watoto wasimkaribie, kwa kuwa chanjo zake hazijulikani. Akikuuma, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo. Siku atakapokubali kamba, mpeleke achanjwe na afungwe kizazi.