Maswali Yenu: "Mama Anasema Hasikii Joto"

Jamani barua za mwezi huu karibu zote zinalia kilio kimoja, joto, na nimezisoma zote hata zile za mistari miwili. Nimechagua tano. Ile ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko zingine maana ndo iliyonikosesha usingizi.

SWALI: Shikamoo dada. Mama yangu ana miaka 78, anaishi peke yake ghorofa ya juu kabisa. Nikimpigia simu ananambia "mi sisikii joto mwanangu, nyie vijana ndo mnalalamika". Juzi nimeenda nimemkuta kavaa sweta, madirisha kafunga yote, mi natiririka jasho hata sijavua viatu. Maji hana hamu nayo. Nifanyeje bila kumkosea adabu? – Kitindamimba

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza mama hakudanganyi, hasikii kweli, na hapo ndo penye hatari. Umri ukienda kiu inapungua hata kama mwili unadai maji, jasho nalo linapungua, ngozi inachelewa kuhisi joto, kwa hiyo mtu anachemka ndani kwa ndani na mwenyewe hana habari.

Mi nina shangazi yangu, kiangazi kimoja nilimpitia saa tatu usiku, nikagusa ukuta wa chumba chake nikashtuka, ukuta bado wa moto kabisa na jua limeshazama masaa mawili. Pembeni ya kitanda kulikuwa na glasi ya maji niliyomwekea mwenyewe asubuhi, imejaa vilevile, juu imeshaota kavumbi. Nikamuuliza umekunywa maji leo shangazi? Akasema nimekunywa sana. Hakuwa muongo, alikuwa ameanza kuchanganyikiwa na mimi sikujua kama ile ni dalili, nilidhani ni uchovu tu. Tulimuwahi, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile simuulizi tena mtu mzima kama amekunywa maji, naangalia jagi.

Na wewe fanya hivo. Asubuhi jaza jagi moja linalojulikana, jioni ulione limefika wapi, na umpe kidogo kidogo kila mara, sio kumkalia kichwani na glasi kubwa. Ila kama ana ugonjwa wa moyo au figo na daktari alishampimia maji ya kunywa, muulizeni kwanza huyo daktari. Mulize pia kuhusu dawa zake, maana kuna za presha zinazokojosha na baadhi ya dawa za akili zinazofanya mwili ushindwe kujipoza. Msiziache wenyewe lakini, mnaweza kuleta balaa lingine.

Kuhusu hayo madirisha, mama ana nusu ya haki. Mchana nje kukiwa na joto kuliko ndani, kufunga dirisha na pazia ni sawa kabisa. Kosa ni kuyaacha yamefungwa usiku. Nje kukishapoa fungua yote, hewa ipite kutoka upande huu kwenda ule. Ghorofa ya juu inapigwa na jua siku nzima na ule moto unahifadhiwa kwenye zege mpaka usiku wa manane, na mwili usipopata usiku wa kupoa, kesho yake unaanza siku ukiwa tayari umechoka, keshokutwa zaidi, moyo ndo unaobeba yote hayo. Tafuta kipimajoto cha ukutani uweke chumbani kwake. Shirika la Afya Duniani linashauri chumba kisizidi nyuzi 32 mchana na 24 usiku. Ikishindikana kabisa, mhamishe kila siku masaa mawili matatu akakae sehemu yenye ubaridi, hata kwa jirani wa chini. Kitambaa kibichi shingoni na mikononi, miguu kwenye beseni la maji, na hilo sweta umvue kwa upole tu, mwambie unaenda kulifua.

Usione nakuza mambo. Chicago mwezi wa saba mwaka 1995 joto la siku chache liliua watu zaidi ya 700, na wengi walikuwa wazee wanaoishi peke yao kama mama, milango na madirisha yamefungwa. Ulaya mwaka 2003 walikufa zaidi ya 70,000 kiangazi kile, Ufaransa peke yake karibu 15,000. Mafuriko yakija kila mtu anayaona, joto halina kelele, mtu anakufa kitandani kwake na jirani anajua amelala. Kwa hiyo usimpigie simu tu mdogo wangu. Nenda, umshike mkono, umuangalie machoni, umwambie akuhadithie jana alifanya nini. Akianza kujichanganya usisubiri asubuhi.

SWALI: Nina mtoto wa miezi minne halali kabisa, chumba kina fukuto, feni nimeiwasha siku nzima lakini inapuliza hewa ya moto. Nimpe maji? – Mama Kachoka

JIBU: Pole mama. Maji usimpe, chini ya miezi sita mnyonyeshe tu mara nyingi zaidi, hata kama ananyonya dakika mbili anaacha, na wewe ndo unywe maji ya kutosha. Kama anatumia maziwa ya chupa, changanya kwa kipimo kilekile, usiyafanye mepesi.

Feni haipoozi hewa, inakausha jasho tu, na jasho likikauka ndo linaondoka na joto la mwili. Hewa ya chumbani ikipita nyuzi 40 feni inageuka kuwa kama inakupulizia moto wa jiko, hapo izime. Chini ya hapo inasaidia, hasa ukimpangusa mtoto kwanza kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, sio ya barafu, alafu feni ipulize kwa mbali isimlenge. Mlaze na nepi tu. Na kile kigari chake msikifunike na kanga wala shuka ukidhani unamkinga na jua, ndani panakuwa tanuri. Gari la kawaida ndo usiseme, likiwa juani dakika 10 tu joto la ndani linaweza kupanda nyuzi kama 10 hivi hata vioo ukivishusha kidogo, kwa hiyo ile ya "naingia dukani mara moja" haipo.

Umesema pia chumba kina fukuto. Hewa ikishajaa unyevu jasho linabaki limekugandia halikauki, ndo maana nyuzi 35 za fukuto zinatesa kuliko 40 za ukavu. Kama mnaanika nguo ndani, acheni kwanza.

SWALI: Mi ni kibarua wa ujenzi nimeanza wiki hii, msimamizi anasema wenzangu wamezoea na mimi nitazoea tu. Jana jamaa mmoja alianza kuongea vitu havieleweki tukamcheka, baadae akaanguka. – Kijana wa Saiti

JIBU: Mdogo wangu, hiyo ya kuongea vitu havieleweki msiicheke tena. Huo ni mwili umeshindwa, joto la ndani likipita nyuzi 40 ubongo unaanza kuathirika, na hapo zinahesabiwa dakika. Mmoja apige simu ya dharura, wengine mumpeleke kivulini, mumvue nguo nzito, mummwagie maji ya baridi mwili mzima na kumpepea, barafu kama ipo iende shingoni, makwapani na kwenye nyonga. Kama kuna pipa la maji linalomtosha muingizeni humo, kichwa kiwe nje na mtu amemshika. Msimnyweshe kitu akiwa hajitambui vizuri, atapaliwa. Panadol pia hapana, hii sio homa.

Msimamizi wako kuhusu kuzoea yuko sahihi ila kaacha nusu ya maneno. Mwili unazoea kweli, lakini unachukua wiki moja mpaka mbili, na wanaoanguka sana ni wageni wa kazi katika siku za mwanzo. Ushauri unaotolewa ni mgeni aanze na asilimia 20 ya muda wa kazi kwenye joto siku ya kwanza, kisha iongezwe 20 kila siku. Hata aliyerudi kutoka likizo ndefu anaanza upya. Maji kikombe kimoja kila dakika 15 au 20 usisubiri kiu, ila usipitilize lita moja na nusu kwa saa, maji mengi mno nayo yanaosha chumvi mwilini. Mwonyeshe msimamizi ukurasa huu.

SWALI: Eti maji ya baridi ukiwa na joto yanapasua mishipa? – Mwenye Kiu

JIBU: Hapana. Kunywa. Pombe ndo uiache.

SWALI: Mwaka huu tumeungua na ukame alafu mvua ikaja siku moja ikabeba kila kitu. Dunia inapata joto si ingekuwa kavu tu? – Mwanafunzi

JIBU: Swali zuri sana hili. Hewa ikiongezeka joto nyuzi moja inaweza kubeba mvuke kama asilimia 7 zaidi. Ina maana inanyonya maji zaidi kutoka kwenye udongo na mimea, ukame unakuwa mkali, alafu siku ikiachia inaachia mzigo mkubwa kwa mara moja. Ardhi yenyewe imeshakuwa ngumu kama sakafu, maji hayazami, yanakimbia. Pakistan mwaka 2022 walianza na joto la kutisha kuanzia mwezi wa tatu, na kabla mwaka haujaisha mafuriko yakawakumba watu milioni 33.

Na udongo ukishakauka unaongeza joto tena, manake jua lililokuwa linatumika kukausha maji ardhini sasa linapasha hewa moja kwa moja. Juu yake inakuja hali ya hewa nzito kukaa sehemu moja siku nyingi, inashuka, inagandamizwa, inapata moto, na mawingu hayapati nafasi, kama mfuniko juu ya sufuria. Ndivyo ilivyokuwa Canada mwaka 2021, kijiji cha Lytton kilifika nyuzi 49.6 tarehe 29 mwezi wa sita, na kesho yake moto ukakiteketeza karibu chote. Canada ni nchi ya kaskazini, wengi wamezoea baridi, nyumba nyingi zimejengwa kutunza joto lisitoke.

Kwa hiyo huko kwenu mkipata mvua ya kwanza baada ya ukame mrefu msishangilie mkiwa bondeni wala kwenye mto mkavu, maji yanaweza kufika kutoka mbali huko juu, wakati kwenu hakujadondoka hata tone.