Sketi ya Mahameli ya Bibi Harusi wa Kiyahudi wa Moroko

Nimepata oda ya vazi la bibi harusi wa Kiyahudi wa Moroko kwa maonyesho ya shule. Mwalimu kaleta picha moja tu: sketi nyekundu ya mahameli, zari tele. Naikataje?
*Fundi, Mwanjelwa, Mbeya*

Fundi, hilo ndilo keswa el kbira, vazi kuu la Wayahudi wa mijini kama Fez, Rabat na Tetouan. Lina sketi ya kufunga, kizibao, kipande cha kifuani kilichodariziwa, mkanda mpana, na mikono mipana ya kitambaa chepesi inayovaliwa peke yake. Bibi harusi alilivaa usiku wa hina, kisha katika sikukuu za baadaye.

Kazi kubwa ni sketi. Ni shuka lenye umbo, linazunguka mwili na kupishana mbele. Kwa kiuno cha sm 76, ongeza sm 38 za kupishana, upate 114. Gawa kwa vipande sita: kila kimoja sm 19 juu, sm 60 chini, na sm 1.5 za mshono kila upande. Kwa urefu wa mita moja, mahameli ya upana wa sm 150 inatoa vipande viwili kila safu, kwa hiyo nunua mita 3 na nusu.

Kishawishi ni kugeuza kipande kimoja kichwa chini ili kubana kitambaa. Usifanye hivyo. Manyoya ya mahameli yanalala upande mmoja, na kipande kilichogeuzwa kitaonekana kama kimetoka kwenye jora lingine. Piga bandi kila mshono kabla ya kwenda mashine, maana manyoya mawili yakigusana kitambaa cha juu hutambaa na chini hubaki kifupi. Pasi ipite nyuma tu, mahameli ikilala juu ya taulo. Ukitumia mapazia ya mitumba, yatandaze juani kwanza uone mistari iliyopauka kwenye mikunjo ya zamani.

Utepe wa dhahabu uzunguke pindo lote, kisha safu kadhaa zipande kwenye kona ya chini ya ukingo unaokaa juu. Kona hiyo ndiyo watu wanaiangalia. Weka gamu ngumu (kitambaa cha kukazia) ndani yake kabla ya kushona utepe, la sivyo uzito utaivuta na kona itaning'inia. Bitana iwe ya pamba.

Zari ya kifuani haipitishwi kwenye kitambaa. Kata ua kwa ngozi nyembamba, lishikize juu ya mahameli, laza uzi wa zari juu yake kwenda na kurudi, na kila ukingoni uubane kwa uzi mwembamba wa njano unaotoka chini. Ukiuvuta zari kwa sindano, ganda lake la madini linachunika na kubaki uzi mtupu.

Wayahudi wa Moroko waliishi chini ya watawala Waislamu. Waliwezaje kung'aa hivyo? Na lipi hasa ni la Kiyahudi humo?
*Msomaji, Iringa mjini*

Masharti makali yaliwaangukia zaidi wanaume: katika miji mingi walitakiwa kuvaa majoho na viatu vyeusi, na kuvua viatu wakipita mbele ya msikiti. Wanawake waling'aa nyumbani na kwenye sherehe. Barabarani walijifunika shuka kubwa kama majirani zao.

Mtaa wa Wayahudi wa Fez, uliowekwa mwaka 1438, ulikuwa na mafundi wa uzi wa zari, na kazi yao ilivaliwa na mabibi harusi wa dini zote mbili. Mtindo wa sketi uliletwa na Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Kwa hiyo tusiulize nani alimwiga nani. Vazi hili ni la Hispania kwa mkato na la Moroko kwa zari. Torati inahusika zaidi na namna ya kulivaa: mwili usitiriwe, nywele za mke zifunikwe, na sufu isichanganywe na kitani (Kumbukumbu la Torati 22:11). Fundi wa Mwanjelwa aliangalie hilo la mwisho anapochagua bitana.

Mwaka 1862 shule ya Alliance Israélite Universelle, shirika la Wayahudi lenye makao Paris, ilifunguliwa Tetouan, nyingine zikafuata, na nguo za Kizungu zikashika nafasi ya kila siku. Keswa ikabaki ya sherehe. Wengi walihama Moroko baada ya 1948, lakini usiku wa hina mabibi harusi wa asili hiyo bado huivaa, Israeli na Ufaransa.

Nywele zilifunikwaje, na kwa nini picha nyingine zinaonyesha kama nywele zipo wazi?
*Dada wa Tukuyu*

Dada, hizo si nywele zake. Mke alificha zake zote, kisha akavaa kilemba kilichoshonewa nyuzi za hariri zilizopangwa kama nywele, pamoja na lulu. Upande wa Sous, kusini mwa Moroko, walitumia singa za mkia wa ng'ombe zilizosukwa pamoja na waya wa fedha. Kwa maonyesho, shona nyuzi nyeusi za hariri kwenye utepe wa sm 4, ufunge utepe huo kwenye paji la uso, kisha skafu ya hariri ije juu yake na kushuka mgongoni. Nywele za msichana zisukwe chini kabisa, zisitokeze kisogoni.