Nukta hii ni ya nani? Nilivyojifunza kufundisha grafu ya mtawanyiko

Mara ya kwanza kufundisha grafu ya mtawanyiko, ile ambayo kila nukta ni mtu mmoja na vipimo vyake viwili, nilichora ubaoni nukta kumi na mbili, saa za kujisomea kwenye mhimili mlalo na alama za mtihani kwenye mhimili wima, nikaligeukia darasa na kuuliza, "Mnaona nini?" Kimya. Kisha mmoja wa mbele akainua rula: "Mwalimu, naanza kuunganisha na nukta ipi?" Nilipopita kwenye madawati nikakuta nusu ya darasa wameshaunganisha. Madaftari yamejaa michoro kama mabati yaliyoezuliwa na upepo.

Kosa lilikuwa langu. Watoto wa miaka 12 au 13 wametoka kwenye grafu za mstari: mvua ya Januari, ya Februari, ya Machi, unaunganisha, umemaliza. Hakuna aliyewaambia kwamba hapa nukta mbili zikikaa jirani hazifuatani. Ni watu wawili tofauti ambao huenda hata hawasalimiani. Na takwimu zenyewe nilikuwa nimezitunga usiku wa kuamkia siku ile. Hazikuwa za mtu, basi hazikumgusa mtu.

Siku hizi naanza na miguu.

Tafuta futikamba ya fundi cherehani, karatasi mbili za manila zilizogundishwa na maka peni. Kila mtoto anavua viatu, anaegemeza kisigino ukutani, mwenzake anampima unyayo, kisha kimo. (Futikamba ya fundi huishia sentimita 150, kwa hiyo chora alama ya mita moja ukutani na mpime kuanzia hapo.) Anaandika jozi yake: unyayo 23, kimo 151. Halafu anakuja mwenyewe mbele, anatembeza kidole kulia mpaka 23, anapanda mpaka 151, anaweka nukta yake. Asiwekewe na mtu. Zoezi hili linakula kipindi kizima na kelele zake zinafika ofisi ya mwalimu mkuu, lakini usilifupishe.

Skeli waachie wenyewe. Kundi moja lilianza mihimili yote miwili kwenye sifuri, nukta zote zikarundikana kwenye kona ya juu kama nzi kwenye kokwa la embe. "Mwalimu, karatasi yote hii ya chini ni ya nani?" Nikawauliza kama humu kuna mwenye unyayo wa sentimita tano. Wakacheka, wakageuza karatasi, wakaanza upya kwa 18 upande mmoja na 120 upande mwingine. Ningeweza kuwaambia hilo kwa sentensi moja, nao wangelisahau kwa sentensi moja.

Nukta zikishakaa, swali langu la kwanza ni lile lile kila mwaka: nukta hii ni ya nani? Mwenyewe anasimama. Kisha: nani ana unyayo sawa na wake lakini amemzidi kimo? Wanalazimika kutazama nukta zilizopangana wima. Nikishafanya hivyo kwa watoto watano au sita, hakuna tena anayetafuta rula. Hapo ndipo naliuliza wingu zima: ukitembea kutoka kushoto kwenda kulia, unapanda au unashuka? Nukta zimebanana au zimetapakaa?

Jiandae pia kwa vicheko. Ukisema "uhusiano", yaani jinsi vipimo viwili vinavyokwenda pamoja, mbele ya watoto wa rika hili, watakaa dakika mbili wakisukumana viwiko. Waache wacheke, kisha endelea.

Nukta zilizojitenga tumezipa jina la watoro. Mwaka fulani mtoto alikuja na jozi yake, 9 na 148, akakuta nukta yake inataka kukaa nje ya karatasi. Darasa likadhani wameharibu skeli. Tukamrudisha ukutani, tukagundua kwamba kimo alipimwa kwa sentimita, lakini unyayo walisoma upande wa pili wa futikamba, wenye inchi. Sawa, mtoro huyo alikuwa kosa la kipimo. Lakini kundi hilo hilo lilikuwa na msichana mrefu mwenye mguu mdogo. Tulimpima mara tatu, nukta ikabaki pale pale, peke yake. Wengine walitaka tuifute kwa sababu inachafua grafu. Niligoma. Yupo, amekaa dawati la tatu, tunamfutaje?

Kwa mstari wa makisio, ule unaopita katikati ya wingu ili tukisie kipimo kimoja kwa kujua kingine, natumia uzi. Watoto wawili wanauvuta juu ya manila, darasa linapiga kelele: pandisha, shusha, inamisha kidogo! Siku moja mwenzao aliyekuwa mgonjwa akarudi shuleni. Tukampima unyayo tu, tukasoma kwenye uzi: 155. Kumbe kimo chake ni 149. "Uzi umekosea," wakasema. Mjadala uliofuata ndio ulikuwa somo lenyewe, maana walianza kuangalia nukta zilizouzunguka uzi na kuona kwamba tofauti ya sentimita tano au sita haikuwa ajabu hata kidogo. Siku hizi hawaruhusiwi kuniambia "155". Waniambie "kati ya 149 na 161 hivi".

Kwa wingu linaloshuka nachukua miji yetu, mwinuko na joto la wastani. Tanga iko usawa wa bahari, Moshi mita kama 800, Dodoma 1,100 na kitu, Arusha karibu 1,400, Mbeya 1,700. Kadiri unavyopanda ndivyo joto linavyoshuka, nyuzi kama 6.5 kwa kila mita 1,000. Uhusiano wa kushuka hivi huitwa hasi, na hapa ndipo utaulizwa, "Hasi maana yake mbaya?" Hapana, maana yake Mbeya wanavaa sweta. Nyosheni uzi mpaka Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, unadondoka chini ya sifuri, na barafu ipo kweli kule juu. Wakishafurahi, waulize uzi unasemaje kwa kilomita 30 angani. Wataunyoosha tu. Kumbe kwetu huku karibu na ikweta, ukifika kilomita 16 au 17 joto huacha kushuka, na juu ya hapo linaanza kupanda. Uzi ulipimwa Tanga mpaka Mbeya; huko juu hatukuwa na nukta hata moja.

Onyo moja: usitumie alama zao za kweli za mtihani, wala uzito wao. Niliwahi kuweka siku za utoro na alama, bila majina, nikajiona mwerevu. Kulikuwa na nukta moja chini kabisa kulia, na darasa zima likageuka kumtazama mtoto yule yule. Niliifuta mara moja, lakini walikuwa wameshageuka.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote naliweka mwisho. Tunakusanya saizi za viatu na maneno anayosoma mtoto kwa dakika moja, kuanzia darasa la pili hadi la saba. Wingu linapanda vizuri sana: mwenye mguu mkubwa anasoma haraka. Nanyamaza. Kijana mmoja akasema kesho atavaa viatu vya baba yake. Walipomaliza kucheka, binti mmoja akasema polepole, "Lakini Mwalimu, wenye miguu mikubwa si ndio wa darasa la saba?" Nikawapa maka peni za rangi tofauti, kila darasa rangi yake, wakazipaka nukta upya. Ndani ya rangi moja hakukuwa na cha kupanda wala kushuka, nukta zimekaa ovyo tu.

Ukitaka kulijaribu, wasomeshe wa darasa la pili asubuhi. Baada ya uji wanasinzia, na nukta zao zitakudanganya.