Usizungushe ringi mpaka mwisho: fokasi kwanza, ISO baadaye

Mkuu, simama hapo hapo kabla hujapanda gari. Umeandika kwamba una kamera ya Canon 2000D na lenzi yake ya milimita 18-55 iliyokuja kwenye boksi, wikendi ijayo unatoka Moshi kwenda kupiga picha Kibo, kilele cha Kilimanjaro, usiku pamoja na Njia Nyeupe (ule mkanda wa nyota angani), na umeshapewa "seti kamili": M (kila kitu unapanga mwenyewe), ISO 100 (usikivu wa kamera kwa mwanga), shata wazi sekunde 30, fokasi (ukali wa picha) unazungusha mpaka mwisho kwenye infiniti, yaani mbali kabisa, halafu unaisahau. Ukauliza ununue filta gani, stendi ya bei gani, ufike saa ngapi, na kama lenzi ya 50 ingekufaa zaidi. Mengine nitayagusa nikikumbuka. Hilo la kuzungusha mpaka mwisho ndilo limenifanya niache chakula mezani.

Aliyekwambia hivyo hajawahi kuishika hiyo lenzi. Lenzi ya boksi ya 18-55 haina kipimo cha umbali: hakuna mita, hakuna alama ya infiniti, kuna ringi nyembamba ya plastiki mbele na basi. Sasa utaweka infiniti ipi? Na hata zile lenzi zenye alama hiyo, ringi huipita alama kwa makusudi. Vioo na chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi, na mota ya fokasi inahitaji kupita kidogo ndipo irudi, kwa hiyo watengenezaji huacha nafasi ya ziada. Mwisho wa ringi ni mwisho wa mzunguko tu. Fokasi ya nyota iko kabla ya hapo, na kwenye lenzi hii kinachotenganisha nyota kali na nyota mbovu ni milimita moja au mbili za kuzungusha.

Usiku hilo ndilo kosa ghali kuliko yote. Picha ya giza iliyopigwa kwa RAW (faili ghafi la kamera) unaweza kuiinua kiasi. Chembechembe za ISO kubwa zinapunguzwa na programu. Mlima ukilala upande unaunyoosha. Fokasi ikikosewa hakuna programu itakayokurudishia picha, na hutaikosea picha moja, utakosea zote za usiku ule, kwa sababu ringi iko pale pale ulipoiacha.

Ubaya wa pili ni kwamba hutajua. Skrini ya nyuma ya 2000D ina nukta 920,000, picha yako ina pikseli milioni 24. Kila kitu kinaonekana kikali kwenye skrini ndogo. Unarudi nyumbani umefurahi, unafungua kwenye kompyuta, unakuta kila nyota imekuwa duara lenye ukungu. Zile hafifu hazipo kabisa: mwanga wao mdogo umetawanyika kwenye pikseli nyingi mpaka ukazama kwenye chembechembe. Na hizo hafifu ndizo zinazoijenga Njia Nyeupe, kwa hiyo unabaki na doa la kijivu juu ya mlima. Hapo mtu anasema "kamera yangu ni mbovu gizani", anauza, ananunua mwili wa mamilioni, anarudi na maduara yale yale yenye ubora wa hali ya juu. Usiniulize nayajuaje haya.

Wanaoniudhi zaidi ni hawa walimu wa kozi za wikendi. Wanakusanya ada, wanagawa karatasi yenye "settings za usiku", na kwenye mstari wa fokasi wameandika neno moja: infiniti. Mazoezi yenyewe wanayafanya saa kumi jioni, jua linawaka, otomatiki inafanya kazi, kila mtu anapata cheti. Giza likiingia mwanafunzi yuko peke yake porini na karatasi.

Sasa fanya hivi, na mpangilio usiuvuruge.

Vuta lenzi kwenye 18 kwanza. Ukishapata fokasi kisha ukabadilisha zumu kutoka 18 kwenda 24, fokasi imehama, unaanza upya. Kama lenzi ina swichi ya Stabilizer (kizuia mtikisiko), izime, maana kamera iko juu ya stendi. Kisha swichi ya pembeni ya lenzi itoe AF (fokasi ya otomatiki) uipeleke MF (fokasi ya mkono). Usilazimishe ringi ikiwa bado kwenye AF, gia zake ni za plastiki.

Weka M, f/3.5 (tundu la lenzi wazi kabisa), ISO 6400, sekunde 30. Hizi si za kupigia picha, ni za kuifanya skrini iwe na mwanga wa kutosha kuona nyota. Bonyeza kitufe chenye alama ndogo ya kamera, karibu na kitundu cha kuchungulia, ili picha ije kwenye skrini. Elekeza kwenye nyota inayong'aa kuliko zote zinazoonekana, au sayari ya Zuhura au Mshtarii kama ziko juu, au hata taa ya umeme iliyo kilomita moja na zaidi. Iweke katikati, kwa sababu pembeni lenzi hii huzipa nyota mbawa hata fokasi ikiwa sawa. Kuza mara 5, halafu mara 10.

Zungusha ringi polepole sana. Nyota itapungua, itapungua, itakuwa nukta, halafu itaanza kunenepa tena. Lazima uione ikinenepa upande wa pili, ndipo urudi nyuma: ni kama kutafuta stesheni kwenye redio ya zamani, huijui katikati yake mpaka umeipita. Ukikaribia nukta utaona nyota ndogo za jirani zikichomoza ambazo hazikuwepo. Hiyo ndiyo ishara ninayoiamini kuliko ukubwa wa nyota yenyewe. Bana ringi kwa kipande cha tepu ya karatasi ile ya mafundi rangi, na mkono usiiguse tena.

Piga moja ya majaribio. Ifungue, ikuze mpaka mwisho, tazama katikati. Nukta? Endelea. Duara? Rudi kwenye redio. Na hii ndiyo kanuni yangu, andika kwenye mkanda wa kamera: hakuna picha ya usiku inayohesabika mpaka umeikuza ukaona nukta. Rudia kila nusu saa, maana baridi inasogeza vitu. Rudia ukibadilisha betri, ukigonga mguu wa stendi, ukigusa zumu. Mwenye kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) awe mwangalifu zaidi: ringi za lenzi nyingi za siku hizi ni za umeme, kamera ikizima au ikilala fokasi inaweza kurudi inakotaka yenyewe.

Kuna njia ya mvivu nayo inafanya kazi. Fika kabla jua halijazama, tumia AF kwenye ukingo wa Kibo wenyewe wakati bado kuna mwanga, kisha peleka MF na ubandike tepu. Kutoka Moshi kilele kiko kama kilomita 30, kwa lenzi hiyo ni sawasawa na nyota. Lakini giza likiingia ukague vilevile. Kinachobaki ni cha mbele: kwa 18 na f/3.5, ukifokasi kwenye nyota, kitu kilicho karibu kuliko mita 5 hivi hakitakuwa kikali. Ukitaka mti wa mgunga mbele ya picha, usimame mbali kidogo na hapo.

Haya, sekunde 30. Kwa kamera hiyo na 18, nyota inavuka pikseli moja kila sekunde 3 hivi. Sekunde 30 ni pikseli 10, hizo ni mistari. "Kanuni ya 500" watakayokutajia, ile ya kukadiria sekunde kabla nyota hazijawa mistari, inatoa sekunde 17, bado ni pikseli 6. Kaa kwenye 10 mpaka 13. Na sisi tulioko karibu na ikweta hatupewi punguzo: nyota zinazotembea kasi kuliko zote zinapita juu ya utosi wetu, na zinazokwenda taratibu ziko chini kabisa kaskazini na kusini.

ISO 100 sahau. Usiku usio na mwezi anza na 3200, panda 6400 kama histogramu (grafu ya mwanga wa picha) bado imebanwa ukuta wa kushoto. Ukitaka ISO 100 ikupe mwanga wa ISO 3200 kwa sekunde 13, ungeacha shata wazi karibu dakika 7, na nyota zote zingekuwa mistari. Mwezi ukiwa mpevu mambo ni mepesi: ISO 800, f/3.5, sekunde 10 na kitu, na barafu ya Kibo inawaka. Nyota hafifu zitapotea, chagua moja. Punguza pia mwanga wa skrini, gizani kila picha inaonekana imeiva hata ikiwa mbichi.

Jambo jingine ambalo nashangaa hakuna aliyekwambia: ukiwa Moshi unatazama kaskazini. Moyo wa Njia Nyeupe uko kusini, yaani mgongoni kwako. Kuupata juu ya mlima inabidi uwe upande wa Kenya, Amboseli au Loitokitok, na hata huko ukifika juu kabisa unakaa nyuzi kama 64 kutoka upeo, hautaingia kwenye fremu moja na mlima ukishika kamera kwa ulalo. Isimamishe wima. Katikati ya Mei Salibu, lile kundi la nyota lenye umbo la msalaba, inasimama kusini kama saa tatu na nusu usiku, chini zaidi, na huo mkanda wa Njia Nyeupe unaingia vizuri zaidi juu ya Kibo. Ukiwa ndani ya hifadhi pigia kambini, usizurure, tembo hawajali ISO yako.

Upande wa Moshi chukua alfajiri. Huku kwetu jua linapanda wimawima, ule mwanga wa bluu mzuri hauzidi dakika 20, usifuate video za Wazungu wenye saa nzima. Uwe umeshafunga stendi na fokasi dakika 75 kabla ya jua, kukiwa bado giza la nyota. Mwanga ukija shusha ISO hadi 100, f/8, shata uipunguze kila dakika chache. Kipima muda cha sekunde 2 kiwe kimewashwa muda wote ili kidole kisitikise kamera.

Stendi: yoyote isiyotikisika ukiigusa, nguzo ya kati usiivute juu, ning'iniza begi chini.

Ukirudi weka hapa kipande cha katikati cha picha kikiwa kimekuzwa asilimia 100. Picha nzima iliyopita WhatsApp usilete, siwezi kuona kitu humo.