Majani manjano siyo udi, angalia juu ya tundu

Kaka umesema miti yako ya udi huko Trat, Thailand, ina miezi mitano tangu ichanjwe, yaani itobolewe matundu na kutiwa chanjo ya kuufanya mti utoe mafuta ya udi, saivi majani yanageuka manjano, unauliza kama mafuta yameanza. Mimi nipo Muscat, nauza udi, na kila mwaka naenda Thailand kununua miti ikiwa bado imesimama shambani, kwa hiyo ntakwambia nlichokiona kwa macho yangu.

Majani usiyaamini peke yake. Ni kweli mti uliochanjwa ukianza kupambana na kidonda huko juu unapukutika na vitawi vinakauka, lakini ukipata kiu sura ni hiyo hiyo, na kuna wale viwavi wanakuja kundi zima wanaacha mti vijiti vitupu. Mimi nlishalipa advansi ya miti 12 kwa sababu ya majani manjano na magome yaliyopasuka, tulipokuja kuiangusha ndani pameoza tu, kahawia laini kama mkate uliolowa maji, harufu ya uchachu. Hela ile haikurudi na iliniuma sana.

Nenda kwenye tundu lenyewe. Chukua patasi kali, toa gome upana wa vidole viwili hivi, JUU ya tundu siyo pembeni, maana rangi ya udi inapanda na kushuka kufuata nyuzi za mti, kulia na kushoto haiendi mbali. Mti usio na kitu ndani ni mweupe kama siagi, mwepesi, haunuki chochote. Palipogusana na tundu patakuwa pameoza kidogo, hilo lisikutishe, unachotafuta wewe ni ule ukanda wa kahawia iliyokolea au mweusi uliokaa kati ya palipooza na pale peupe, ndo mti unajikinga na kuvu wasiendelee mbele, na ndo udi wenyewe huo. Mara ya kwanza utauona kama mistari imechorwa na kalamu.

Kwangua kwa ukucha, palipooza panabomoka, penye mafuta pagumu. Halafu bandua kipande chembamba kama ganda la kitunguu ukiweke juu ya kaa lililoanza kufifia. Mimi wa kwanza mzuri nliuona ukitoa vipovu vidogo vidogo pembeni kabla moshi haujaanza, yaani mafuta yanachemka, halafu ikaja ile harufu ya chetezo cha nyumbani, palepale shambani. Mti mtupu unanuka kuni basi.

Sisimizi wakifanya makazi kwenye tundu wakulima wa kule wanafurahi, wanaona ni dalili ya udi, mimi nachukulia tu kwamba mti huo niukague mwanzo.

Na miezi mitano bado kabisa, hapo unatafuta rangi tu, usikate. Kagua miti mitatu minne, uache mingine ipumzike. Ukipata hicho kipande kipige picha juani bila flashi, weka pembeni yake kipande cha mti ambao hujauchanja, utume hapa tuone.